Nguo na Moto: Nyuzi Asilia na Nyuzi za Viwandani katika Nyanda za Juu Kusini

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali katika Nyanda za Juu Kusini. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, mji wa Iringa uko juu ya meta 1,500, na uwanda wa Kitulo umepita meta 2,500. Katika sehemu za Makete na milima ya Uporoto, majani huamka yamefunikwa na sakitu. Wakazi wa nyanda hizo hujikinga na baridi kwa njia mbili kuu: nguo nzito na moto. Njia hizo mbili hukutana kila jioni, watu wanapoyazunguka mafiga au jiko la mkaa wakiwa wamevaa sweta, koti na kujitanda shuka au blanketi.

Hapo ndipo elimu ya nyuzi inapokuwa na uzito usiokoma kwenye karatasi ya mtihani. Nguo mbili zinazofanana kwa rangi na unene zaweza kutofautiana kabisa zinapoguswa na cheche. Moja huungua polepole na kuzimika. Nyingine huyeyuka na kugandamana na ngozi ya mvaaji. Makala haya yanaeleza nyuzi ni nini, zinatoka wapi, kwa nini zinatofautiana, na jinsi mwalimu na wanafunzi wanavyoweza kuzitambua kwa vifaa vichache vya shule.

Uzi na Umbo Lake

Kila nguo imejengwa kwa nyuzinyuzi nyembamba sana ambazo urefu wake ni mara nyingi kuliko upana wake. Unyuzi mmoja wa pamba, kwa mfano, una urefu wa milimeta 25 hadi 30 hivi, lakini upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimeta moja. Ukiutazama kwa hadubini, unaonekana kama utepe uliojipinda.

Ndani ya unyuzi huo zimo molekuli ndefu ziitwazo polima. Polima ni mfano wa mnyororo: pete ndogo zinazofanana huungana moja baada ya nyingine mpaka kufikia maelfu. Katika pamba pete hizo ni molekuli za glukosi, na mnyororo wenyewe huitwa selulosi. Minyororo mingi ikilala sambamba na kushikamana, unyuzi huwa imara. Ikilala ovyo ovyo, unyuzi huwa dhaifu na hunyumbuka.

Unyuzi mmoja peke yake haufai kushonea wala kufumia. Mwanafunzi akichukua kipande cha pamba na kukivuta, kinaachana bila ya nguvu. Akikisokota kwanza kati ya vidole ndipo akivute, kinakataa kukatika. Kusokota huzibana nyuzinyuzi pamoja, na msuguano kati yake huzizuia zisiteleze. Baada ya kusokotwa, nyuzi hutandazwa katika kitanda cha mfumi: zile za urefu huitwa mtande, na zile zinazopitishwa kwa upana huitwa mshindio. Makutano ya mtande na mshindio ndiyo kitambaa.

Nyuzi Asilia

Nyuzi asilia ni zile zinazopatikana katika mimea na wanyama. Pamba hutoka katika mbegu, katani hutoka katika jani, na kitani na juti hutoka katika shina. Zote ni selulosi kwa sehemu kubwa, ingawa katani ina pia lignini, ambayo huifanya iwe ngumu. Mkoani Iringa, akina mama wa Kihehe husuka vikapu maarufu kwa milulu, mmea wa jamii ya majani marefu. Vikapu hivyo navyo ni kazi ya selulosi.

Kwa upande wa wanyama kuna sufu ya kondoo na hariri ya nondo wa hariri. Hizi ni protini. Protini ya sufu huitwa keratini, nayo ndiyo inayounda nywele, kucha na pembe. Ni vyema wanafunzi waonywe wasichanganye sufu na sufi: sufu ni manyoya ya kondoo, ilhali sufi ni pamba nyepesi ya mti wa msufi inayojazwa katika mito.

Ufumaji si jambo geni katika pembe hii ya nchi. Katika karne ya 19 wasafiri waliopita Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa waliwakuta wenyeji wakisokota pamba ya kwao na kuifuma nguo nzito kwa kitanda kilicholazwa chini. Kazi ilikuwa ya taratibu, nayo ilishindwa kupambana na vitambaa vya viwandani vilivyoingia kutoka pwani, kikiwamo kile kilichoitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani.

Baadaye kilimo chenyewe cha pamba kilikumbwa na sababu nyingine. Funza mwekundu wa vitumba, mdudu mharibifu anayejulikana katika nchi za Msumbiji, Malawi na Zambia, alihofiwa kuvuka na kuenea hadi mashamba makubwa ya pamba ya kanda ya Ziwa Victoria. Kwa miongo mingi, kwa hiyo, kilimo cha pamba kilipigwa marufuku katika ukanda wa kusini wa Tanzania ili pawepo na eneo tupu lisilo na mmea wa kumlisha mdudu huyo. Hata hivyo Mbeya ilikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa kiwanda cha nguo cha umma, Mbeyatex. Hali hiyo yafundisha jambo: kiwanda cha nguo na shamba la pamba si lazima vikae jirani, lakini gharama ya kusafirisha marobota haikwepeki.

Kutoka Mti hadi Shati

Katika Wilaya ya Mufindi liko shamba la miti la Sao Hill, ambalo ni shamba la miti kubwa kuliko yote ya Serikali nchini. Misonobari yake hulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichojengwa katika miaka ya 1980. Karatasi ni selulosi, kama ilivyo pamba. Je, kwa nini basi mtu asisokote nyuzi za msonobari na kufuma shati?

Jibu limo katika urefu. Unyuzi wa msonobari una urefu wa milimeta 3 hivi, na wa mkaratusi ni kama milimeta 1 tu. Hata ukisokotwa vipi, hauna urefu wa kutosha kushikana na wenzake. Nyuzi hizo fupi hufaa kutandazwa na kukandamizwa ziwe karatasi, lakini hazifai kwa mtande.

Mwaka 1892 wanakemia watatu wa Kiingereza, Cross, Bevan na Beadle, walipata njia ya kukwepa kizuizi hicho. Waliigeuza selulosi kwa kemikali ikawa kimiminiko kizito kiitwacho viskosi. Kimiminiko hicho kikisukumwa kupitia vitundu vidogo ndani ya maji yenye asidi, selulosi hugeuka tena kuwa yabisi, safari hii ikiwa unyuzi mrefu kadiri mtu apendavyo. Uzi huo ndio rayoni. Rayoni hukaa katikati ya makundi mawili: mali yake ni ya mti, lakini umbo lake ni la kiwanda. Ndiyo maana inapochomwa huungua kama pamba.

Nyuzi Sanisi

Nyuzi sanisi ni zile ambazo polima yenyewe imeundwa kiwandani kwa njia za kemia, aghalabu kutokana na mafuta ya petroli. Ya kwanza kupata umaarufu ilikuwa nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Poliesta ilifuata mwaka 1941 kwa kazi ya Whinfield na Dickson nchini Uingereza. Akriliki, ambayo hujaribu kuiga sufu, ilianza kuuzwa mwaka 1950. Mwanafunzi ajue pia kwamba chupa nyingi za plastiki za maji ya kunywa zimetengenezwa kwa polima ile ile ya poliesta inayofumwa kuwa mashati.

Nailoni na poliesta huyeyushwa kwa joto, kisha husukumwa kupitia sahani yenye vitundu vidogo kama chekeche. Nyuzi zinazotoka hupozwa kwa hewa na kuvutwa ili minyororo ya molekuli ilale sambamba. Jambo la kukumbuka ni hili: kitu kilichopata umbo lake kwa kuyeyushwa chaweza kuyeyuka tena. Poliesta huyeyuka kwenye digrii 260 za Selsiasi hivi, na polipropilini, inayofumiwa viroba vya nafaka na viazi, huyeyuka kwenye digrii 165 hivi. Pamba na sufu haziyeyuki kabisa, huungua tu.

Ujio wa nyuzi hizo ulibadili pia uchumi wa Tanzania. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na katika mwaka 1964 nchi ilizalisha kiasi cha tani 230,000 za katani. Kamba za polipropilini zilipoingia katika soko la dunia zikiwa nyepesi, rahisi na zisizooza, bei ya katani ilianguka, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoporomosha uzalishaji. Leo sifa ile ile ya kutooza imegeuka lawama: kipande cha kamba ya katani kilichotupwa shambani huwa udongo, ilhali kipande cha kiroba huchanika vipande vidogo vidogo na kubaki.

Maji, Hewa na Joto

Nguo haina joto lake yenyewe. Inachofanya ni kuizuia hewa tulivu karibu na mwili, na hewa tulivu hupitisha joto kwa shida. Unyuzi wa sufu umejikunja kwa asili, hivyo huhifadhi hewa nyingi. Akriliki hukunjwa kiwandani kwa kusudi hilo hilo. Ndiyo sababu sweta mbili nyembamba zilizovaliwa pamoja zaweza kuwa na joto kuliko moja nzito: kati yake pana tabaka la hewa.

Tofauti kubwa zaidi imo katika kunyonya unyevu. Katika hewa yenye joto la digrii 20 na unyevu wa asilimia 65, kila gramu 100 za uzi mkavu huchukua kiasi hiki cha maji kutoka hewani:

Sufu: gramu 16
Rayoni: gramu 13
Pamba: gramu 8.5
Nailoni: gramu 4
Poliesta: gramu 0.4

Mfano wa hesabu: sweta yenye uzito wa gramu 400 ikiwa kavu itachukua gramu 64 za maji kama ni ya sufu (400 × 16 ÷ 100), lakini gramu 1.6 tu kama ni ya poliesta. Kwa sababu hiyo poliesta hukauka upesi kwenye kamba hata wakati wa ukungu wa Mufindi. Kwa sababu hiyo hiyo jasho hubaki juu ya ngozi ya mvaaji wakati wa mchana wenye jua.

Nguo Inapokutana na Moto

Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Pamba huweza kuendelea kuwaka hata katika hewa yenye oksijeni ya asilimia 18 hivi. Akriliki ni vivyo hivyo. Sufu huhitaji asilimia 25 hivi, yaani zaidi ya ile iliyomo hewani; kwa hiyo sufu ikiondolewa katika mwali hujizimisha yenyewe mara nyingi.

Poliesta na nailoni zimo katikati, lakini hatari yake ni ya namna nyingine. Zikikaribia mwali hujikunja, huyeyuka na kudondoka. Tone la poliesta iliyoyeyuka lina joto la zaidi ya digrii 250, ilhali ngozi ya binadamu hujeruhiwa vibaya ndani ya sekunde moja hivi kwa joto la digrii 70. Tone hilo haliishii kugusa na kuondoka. Hugandamana na ngozi na kuendelea kuichoma linapopoa.

Mchanganyiko wa pamba na poliesta unahitaji uangalifu wa pekee. Pengine mtu angedhani kwamba kuchanganya nyuzi hizo hupunguza hatari. Mambo sivyo yalivyo. Poliesta peke yake hudondoka na kuondoka na sehemu ya moto. Ikichanganywa na pamba, pamba haiyeyuki, bali hubaki imesimama kama utambi wa kibatari, na poliesta iliyoyeyuka hugeuka mafuta ya utambi huo.

Ufumaji nao una sehemu yake. Kitambaa chepesi, kipana na kilegevu, kama kanga iliyojitandwa, hupata hewa pande zote mbili na kuwaka upesi. Kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana huchelewa. Nguo yenye manyoya yaliyochambuliwa juu yake hupitisha mwali kwa haraka, kwa kuwa kila nywele imezungukwa na oksijeni.

Jaribio la Kutambua Nyuzi

Katika masoko ya mitumba, kama lile la Mwanjelwa mjini Mbeya, nguo nyingi huuzwa zikiwa zimepoteza lebo. Vilevile kanga na vitenge vya poliesta hufanana kwa macho na vile vya pamba. Jaribio la moto husaidia kutambua.

Vifaa: mshumaa, koleo la chuma, sahani yenye mchanga, ndoo ya maji, na vipande vya vitambaa vyenye upana wa sentimeta 1 na urefu wa sentimeta 3. Jaribio lifanyike nje ya jengo, upepo ukiwa mdogo, na mwalimu ndiye ashike koleo. Moshi usinuswe moja kwa moja. Usogezwe puani kwa kupunga kiganja. Moshi wa akriliki una sumu, hivyo kipande chake kiwe kidogo zaidi.

Mwalimu akisogeze kipande polepole ubavuni mwa mwali, akitie, akitoe, kisha wanafunzi waandike waliyoyaona:

1. Pamba, katani na rayoni: hushika moto upesi bila kujikunja, harufu ni ya karatasi inayoungua, jivu ni jepesi na laini.

2. Sufu na hariri: huungua polepole na kuelekea kuzimika, harufu ni ya nywele zilizoungua, hubaki kidonge cheusi kinachovunjika kwa vidole.

3. Poliesta: hujikunja mbali na mwali, huyeyuka, hutoa moshi mweusi; kidonge kinachobaki ni kigumu na hakivunjiki kwa vidole.

4. Nailoni: huyeyuka na kuvutika kama gundi, kidonge ni kigumu, chenye rangi ya kijivu au ya kahawia.

5. Akriliki: huwaka kwa nguvu huku ikiyeyuka, hubaki kidonge cheusi kigumu chenye umbo la ovyo.

6. Pamba iliyochanganywa na poliesta: huwaka kama pamba na kutoa harufu ya karatasi, lakini pembeni hubaki ukingo mgumu.

Kidonge kisiguswe kabla ya kupoa. Polipropilini hutambulika kwa urahisi zaidi: ni nyepesi kuliko maji. Kipande cha kiroba kikizamishwa na kukamuliwa hewa yote, hupanda tena juu, ilhali poliesta, nailoni na pamba iliyolowa huzama.

Matumizi Nyumbani na Bwenini

Kwanza, anayepika au kuota moto avae nguo inayobana mwili kiasi, ya pamba nzito au sufu, na aifunge vizuri mikono mipana na ncha za kanga. Watoto na wazee, ambao hawawezi kujitoa upesi, wasifunikwe blanketi za akriliki au poliesta karibu na jiko.

Pili, pasi ya mkaa haina kipimo cha joto. Alama ya pasi katika lebo huwa na nukta: moja ni digrii 110, mbili ni 150, na tatu ni 200. Nguo isiyo na lebo ijaribiwe kwanza kwenye upindo wa ndani, pasi ikiwa imepoa.

Tatu, nguo ikishika moto mwilini, mtu asikimbie, kwani kukimbia huongeza hewa. Alale chini na kubingirika, au afunikwe blanketi zito la sufu au pamba. Moto ukizimika, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo barafu, yanayotiririka kwa dakika 20. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Mafuta, dawa ya meno na mayai visipakwe. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Maswali ya Kujipima

1. Shuka la pamba lina uzito wa gramu 500 likiwa kavu. Je, litachukua gramu ngapi za maji katika hewa iliyoelezwa hapo juu? Shuka la poliesta la uzito huo huo litachukua ngapi?

2. Mwuzaji anasema kitenge chake ni pamba tupu. Kipande chake kilipochomwa kilinuka karatasi, kikaacha ukingo mgumu mweusi. Je, kauli yake ni sahihi? Toa sababu.

3. Karatasi na kanga ya pamba zote ni selulosi. Eleza kwa nini nyuzi za msonobari wa Sao Hill hufaa kwa ya kwanza lakini hazifai kusokotwa kwa ajili ya pili.

4. Kipande cha kiroba na kipande cha chupa ya maji vilitiwa ndani ya ndoo. Cha kwanza kilielea, cha pili kikazama. Eleza.

5. Wanafunzi wakusanye vipande vya mabaki kutoka kwa mafundi cherehani wa mtaa wao, wavitambue kwa jaribio, kisha waandike ni sehemu gani ya vipande hivyo isiyofaa kuvaliwa karibu na moto. Matokeo wayaeleze kwa wazazi wao kabla ya msimu wa baridi kuanza.